Mkono wa Magige Ambao Sikuutazama

Magige,

Sikusalimu. Salamu umeshapata za kutosha tangu tukulaze pale chini ya kanisa. Kila anayepita anasimama, anavua kofia, anakueleza habari za nyumbani kwake kana kwamba wewe ndiye bwana posta. Jana nilimkuta Marwa mpishi amesimama hapo na sufuria mkononi, anakuambia kwamba maharage ya mwaka huu hayaivi. Mimi ninayeonana naye kila siku hajawahi kunieleza habari ya maharage. Basi nakuandikia mimi, Machaba, mwenzako wa zahanati ya chuo, na nakuandikia nikiwa na wivu, nisikufiche. Nilikuonea wivu ukiwa hai, nikadhani ukifa utapungua. Haukupungua.

Kwanza habari za chuo. Wanafunzi wa ualimu wamerudi wote. Lile darasa tulilowafungia wafanyakazi limepakwa chokaa upya, na sasa watu wanafundishwa humo namna ya kufundisha hesabu. Marwa, ambaye ndui ilianzia kwake, amepona na uso wake una matundu, lakini ugali wake ni ule ule. Mwita dobi amepona pia, ila jicho moja limeingia ukungu. Kila asubuhi analima kwanza shamba la mkeo Boke ndipo aje kufua. Mkwewe, mzee Nyamhanga wa mkokoteni, amempelekea Boke ndama jike. Na mke wangu, nikikosea jambo lolote, husema, "Magige angeuliza kwanza." Hata chumvi ikizidi kwenye mboga aliyopika yeye mwenyewe, Magige angeuliza kwanza. Nimechoka, ndugu yangu.

Unajua mimi ndiye niliyesoma. Nilitoka kwetu Robanda nikiwa mtoto, nikakaa misheni, nikasomea udresa, kazi ya kutibu vidonda, miaka mitatu huko Mwanza, cheti changu kiko ukutani na kioo chake. Wewe uliingia zahanati kwa ufagio. Ulifagia, ukachemsha bandeji, ukajifunza kusafisha vidonda kwa kunitazama mikono, na kabla ya mwaka kuisha wagonjwa wakawa wanapita mbele ya meza yangu wanakwenda kwako. Nilikuwa nawaita kwa Kiswahili safi. Wewe ulikuwa unawauliza kwa Kikurya ng'ombe wao wamezaa ngapi. Ukaanza kuniita "daktari wangu", na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa meno tu.

Ile siku daktari wa serikali alipopanda kutoka Tarime na landrova yake ilikuwa siku yangu. Alimtazama Marwa, akasema ni ndui, haina shaka. Akaagiza kila mfanyakazi aliyekula jikoni, aliyefua mashuka ya Marwa au aliyelala naye nyumba moja akusanywe, achanjwe, afungiwe darasani siku kumi na sita, na kila asubuhi akaguliwe mwili mzima kama ana upele. Dawa ya chanjo na daftari akanikabidhi mimi. Sijawahi kupata siku nzuri kama ile. Mungu anisamehe, mtu alikuwa anaungua homa, na mimi nilikuwa nachagua kalamu.

Nikawapanga kwa kazi zao, kama nilivyofundishwa. Wapishi upande huu, watu wa bustani upande ule, dobi na mtu wa mkokoteni katikati. Asubuhi nikawaambia wasimame mstari mmoja, wavue kila kitu. Mwita akashika shati lake kwa mikono miwili, hakuvua. Nikamfokea. Mzee Nyamhanga, aliyesimama pembeni yake, akageuza uso ukutani na hakuugeuza tena mpaka nilipomaliza. Nikaona hawa ni watu wa haya tu, watazoea.

Nisijifanye mgeni wa mambo. Robanda nasi tunamheshimu mkwe. Nilijua Mwita amemwoa binti wa Nyamhanga, nilikula kwenye harusi ile. Lakini nilikuwa na cheti, nikadhani ugonjwa ukishaingia ndani, ukwe unatoka nje usubiri. Nikawapa karai moja la kuogea, darasa moja, mikeka miwili inayogusana. Asubuhi ya tatu mkeka wa Mwita ulikuwa mtupu. Alivuka dirishani, akateremka kwa mama yake kule Nyamwaga, na wengine wawili walikuwa wameshafunga mablanketi yao.

Mimi nilitaka tupeleke habari kwa chifu, waje matarishi na kamba. Wewe ulikuwa unakung'uta blanketi, hata hukuniangalia. Ukasema, "Hakukimbia ugonjwa, Machaba. Amekukimbia wewe." Mbele ya watu wa bustani. Ukaniambia polepole kwamba mtu wa huku ni afadhali atobolewe na ndui kuliko avuliwe nguo mbele ya baba wa mkewe, na kwamba ile aibu, ensoni, haina likizo. Kisha ukaenda kwa miguu. Niliambiwa baadaye kwamba ulikaa nje ya uzio wa mama yake Mwita, juu ya jiwe, ukapiga soga za mahindi mpaka jua likawa kichwani, na hukumwambia rudi hata mara moja. Mlirudi mkiwa mmeachana hatua ishirini, yeye nyuma. Bahati upele wake ulikuwa haujatoka, hakumwachia mtu kitu.

Siku hiyo hiyo ukaomba matete. Ukajenga ukuta katikati ya darasa, ukafungua dirisha la nyuma likawa mlango wa pili, ukaweka makarai mawili na zamu mbili za ukaguzi. Ukapita kwa kila mtu ukamnong'oneza, "Nani humu huwezi kumvulia shati?" Swali dogo hivyo. Mimi nilikuwa nimewauliza maswali kumi na manne kutoka kwenye karatasi ya serikali, na hilo halikuwemo. Hakuna aliyetoroka tena.

Daktari aliporudi, mkuu wa chuo akamweleza yote mbele ya wafanyakazi waliokuwa wanachungulia kwenye matete. Mzungu hakukushika mkono kwa sababu ya ugonjwa, lakini alivua kofia. Mimi hajawahi kunivulia kofia. Mkuu akasema kuanzia leo Machaba ashike sindano na daftari, Magige ashike watu. Na ufunguo wa darasa nikautoa mfukoni mwangu nikakupa. Ulikuwa bado una joto langu.

Sasa nikuambie lile lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ya nane tulikagua mikono, kama chanjo imeshika. Unajua kazi hiyo: palipochanjwa pakifanya lengelenge, naandika imeshika, pakikaa kimya, mtu anachanjwa tena, maana dawa ile huharibika kwa joto na safari ilikuwa ndefu. Watu sita mikono yao ilikuwa kimya, nikawachanja tena. Ukabaki wewe. Ulikuwa umeinama unamfunga mzee Nyamhanga kidole, ukaniambia bila kugeuka, "Daktari wangu, mkono wangu naona umelala tu. Hebu utazame." Na wale waliokuwepo wakacheka kwa sababu ya hilo "daktari wangu". Hawakucheka kwa ubaya. Hata wewe hukuwa na ubaya, najua, hukuwahi kuwa nao, na hilo ndilo lililokuwa linaniudhi zaidi.

Nikasema, "Wewe unayewajua watu wote, mkono wako mwenyewe utakushinda?" Nikafunga chupa. Dawa ilikuwepo, Magige. Ilibaki ya kuchanja watu watatu. Nikaandika kwenye daftari, mbele ya jina lako, imeshika. Sikuutazama mkono wako. Jioni ukaniuliza nimeandika nini, nikakuambia imeshika, wewe una kovu la chanjo ya utotoni, usiwe na wasiwasi. Ukasema, "Kama wewe umeandika, basi." Ukaenda kula. Uliniamini kwa sababu ya kile cheti nilichokuwa nakuringia.

Siku nne baadaye Mwita akatoka upele. Alikuwa ameshafua mashuka ya Marwa muda mrefu kabla ya chanjo kufika, ilimkuta imechelewa. Tukamjengea kibanda peke yake. Mkuu akauliza nani atamhudumia, na ukasema wewe, kwa kuwa una chanjo. Mimi pia nilikuwa na chanjo, na ya kwangu ilikuwa imeshika kwelikweli. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji ya dawa, ulimi ukiwa mzima kinywani. Nilifikiria ungenitazama vipi. Nilifikiria kofia ya yule Mzungu. Ukaingia, ukamlisha uji kwa kijiko, ukamwosha mgongo, ukamsimulia habari za ng'ombe.

Ulipougua wewe nilikuhudumia mimi, hilo angalau siwezi kunyang'anywa. Sikumwachia mtu mwingine. Siku ya pili ya homa uliniona nalia, ukanipa moyo wewe uliyekuwa unakufa. "Usijisumbue, daktari wangu. Chanjo yangu imeshika, hii itakuwa nyepesi." Nikakunywesha maji. Hata hapo sikusema.

Kwa ajili ya ugonjwa tulikuzika watu wanne tu, na mimi mmoja wao. Lakini nilipoinua kichwa niliona mlima mzima umejaa watu, wamesimama mbali kama walivyoambiwa, kina mama wa Nyamwaga, wavunaji ndizi, wazee ambao hawaji kanisani hata Krismasi. Na nikakuonea wivu kaburini, Magige. Nilikuwa na koleo mkononi nakufukia, huku nahesabu moyoni ni wangapi watakuja siku yangu.

Ningekaa na siri yangu hivyo hivyo, maana mimi si mtu jasiri. Ila imetokea jambo. Ndui imeonekana katika boma moja ng'ambo ya mto, na daktari ameleta dawa ya kuchanja vijiji vyote. Watu hawaji. Juzi nilikaa chini ya bendera ya chifu tangu asubuhi na chupa zangu, nikapata mikono mitatu, yote ya wageni. Wanasema, Magige alichanjwa, kitabu kikasema imeshika, na bado alikufa. Chanjo ya nini basi? Wanakupenda mno kuamini kwamba kitu kilichoshindwa kukuokoa wewe kinaweza kumwokoa mtu mwingine.

Na anayesema hivyo kwa sauti kuliko wote ni Boke. Nilikwenda kwake. Aliwasukuma watoto wako wote wawili nyuma ya mlango, mdogo akawa anachungulia kwa jicho moja, na akaniambia kwa adabu, kwa sababu yeye ana adabu hata akiwa na hasira, "Shemeji, baba yao mlimchanja. Hawa niachie." Nikasimama na sanduku langu. Hapo ndipo ilinipasa kumwambia. Nikasema haya, nikaondoka.

Daktari naye ameandika. Anauliza imekuwaje mtu aliyeandikwa imeshika afe kwa ndui, je, dawa ilipigwa na jua njiani? Katika barua hiyo amekusifu sana kwa kusimamia karantini, "pamoja na msaidizi wake". Msaidizi ni mimi. Nimeisoma mara nyingi. Mkuu wa chuo ameniambia nijibu tu kwamba ni jua. Ingekuwa rahisi. Jua halina cheti cha kunyang'anywa, na halina mke atakayeambiwa sokoni.

Nimekaa na karatasi ya daktari mbele yangu tangu mchana, nikaona nikujibu wewe kwanza. Siandiki jua. Nimeandika kwamba dawa ilikuwa nzima, kwamba mkono wa Magige haukutazamwa, na kwamba aliyeandika uongo anaitwa Machaba. Barua itateremka kesho na mkokoteni wa mzee Nyamhanga, na sijui kama nitakuwa bado na kazi itakapofika. Ila kabla ya barua kufika Tarime mimi nitakuwa nimeshafika kwa Boke. Nitamwambia yeye kwanza, kisha kwenye baraza la chifu, kwa Kikurya changu kibovu, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Najua watakavyosema. Wewe watakupenda zaidi, na mimi watanitemea mate, na mke wangu atakuwa na la kusema mpaka uzeeni. Hata hilo nakuonea wivu, kwamba nikishamaliza kusema utabaki msafi kuliko ulivyokuwa. Basi, chukua. Mimi nakuahidi kitu kimoja tu: sitatoka uani kwa Boke mpaka watoto wako wamechanjwa, na siku ya nane nitarudi, hata kama wamenifukuza kazi, nitazame mikono yao yote miwili kwa macho yangu.

Kwaheri, ndugu yangu.

Machaba