Aliyeitikia Kwenye Ukuta wa Gare

Mama yangu mpendwa,

Hatimaye gare yetu ya treni imepata baraza upande wa nyuma. Ungeliona ungecheka. Miaka yote baraza lilikuwa mbele tu, la Wazungu, nasi tukisubiri treni tumebana migongo ukutani, mvua ikitulowesha miguu.

Ulinisimulia kwamba mwanzoni hapakuwa na jengo, ila behewa bovu lililong'olewa magurudumu. Kisha yakaja matofali ya udongo wa kichuguu. Marehemu baba aliyafyatua, wewe ukachota maji. Ndiyo maana ulijiona mwenye gare kuliko mkuu wa gare, wala sikulaumu.

Treni ya Kasai ikifika, ulisimama kwenye ukuta ule ukaita salamu ya kwetu Kasai: "Moyo webe!" Aliyeitikia alikuwa ndugu, alikula na kulala kwetu mpaka apate kazi. Watu wakakuita Mama Gare.

Siku moja akaitikia Mulenga. Ulimleta nyumbani, ukampa bukari, ugali wetu, ndipo ukamuuliza kwao ni wapi.

"Miye muntu wa Pweto, kule ku ziwa, mama. Ile salamu balinifundisha mu treni."

Tulicheka hadi machozi. Wewe hukucheka hata kidogo.

"Alisha kula," ulisema. "Iko mutoto wangu."

Mama, nampenda huyo Mulenga, na amenichumbia. Lakini baba mkubwa alituma neno kutoka Kasai: binti yetu haolewi na mtu wa ziwani. Jana akaja mwenyewe kwa treni kuivunja posa. Sikuogopa. Nilimpeleka Mulenga kwenye ukuta wako, tukasimama.

"Moyo webe, tatu!" Mulenga akaita, akimwita baba kwa lugha ya kwetu.

Baba mkubwa akaitikia kwa furaha, akamkabidhi sanduku lake.

"Uko mutoto wa nani?"

"Wa Mama Gare."

Mzee akanitazama, akaelewa kwamba huyo ndiye mchumba, uso ukamkunjamana. Nikamwambia, "Baba, hapa mwenye kuitikia iko ndugu. Na weye umeitika."

Nyumbani nikampakulia bukari na samaki alioleta Mulenga kutoka kwao. Alikitazama chakula kwa muda mrefu, na hapo, nakiri, niliogopa kidogo. Kisha akanawa mikono.

Amekula, mama. Hata mchuzi hakuubakiza, na habari ya kuvunja posa hakuitaja tena.

Pumzika sasa huko kaburini. Treni za Kasai nitazipokea mimi, na mume wangu atabeba mizigo.

Binti yako wa pale ukutani