Kizibo cha Mvinyo wa Italia

Alhamisi, Muscat. Nimetoka zamu ya mchana.

Hapa hotelini ninapowahudumia wageni nimekaririshwa habari za ule mvinyo mwekundu wa Italia: mzee anayeutengeneza huzianika zabibu miezi kadhaa, halafu huufungia mvinyo kwenye mapipa miaka saba, na hauuzi mpaka aridhike. Hayo nayasema bila kufikiri. Leo mteja mmoja wa Nairobi akaniuliza, "Na wewe dada, ukiuonja unasikiaje?"

Sijawahi kuuonja. Mimi Mwislamu wa Lamu, na nyumbani nimesema nagawa juisi. Ila pua ninayo. Nikamwambia unanukia kasha la bibi yangu: nguo za Idi zilizofukizwa udi, na zabibu kavu alizokuwa akituficha humo.

Akafumba macho, akanywa. "Kweli kabisa, dada."

Nikakimbilia stoo, nikalia.

Kila siku nasifu jinsi mzee yule anavyojua kungoja. Bibi naye aliningoja miaka mitatu, kila likizo yangu ikiahirishwa. Mwezi uliopita wakamzika, nami niko hapa namimina.

Kizibo cha chupa ile nimekuja nacho chumbani. Nakinusa kidogo tu, harufu isije ikaisha.