Nimemsomea Mama Riwaya Ambazo Hazijaandikwa

Mpendwa mshauri,

Sauti ambayo haijanitoka masikioni ni ya mkasi mkubwa wa mama ukisimama katikati ya kitambaa, maana mkasi ule ukishaanza kukata hausimami mpaka ufike ukingoni, na siku hiyo ulisimama, mama akanitazama juu ya miwani akasema, "Mbona umenyamaza, Profesa? Endelea, huyo binti aliwajibu nini wenzake?" nami nikamsomea jibu ambalo halikuwa kitabuni. Hapo ndipo nilipojikwaa, na sijui nitainukaje, naomba unishike mkono.

Mama yangu ni fundi cherehani, ana chumba cha kazi mbele ya nyumba chenye meza ya kukatia, cherehani mbili na benchi la wateja, na mimi nikitoka kazini kwangu hospitalini, ninakotunza mafaili ya wagonjwa, hukaa kwenye benchi hilo nikamsomea riwaya mpya, kwa sababu kusoma anajua vizuri tu, ila mikono yake haina nafasi. Sijawahi kuona mtu anayesikiliza kitabu kama yeye. Mhusika akidanganya, mama huikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukatike. Ile riwaya ya kuchekesha, ya ndugu wawili waliopanga harusi zao siku moja bila kuambizana, nilimsomea neno kwa neno, akacheka hadi akashona mkono wa kushoto wa koti upande wa kulia.

Mwaka huu nimesoma riwaya saba mpya, na maoni yangu ni kwamba waandishi wetu wa sasa wanaijua kazi, wanaujua mji, wanayajua mapenzi, lakini mama ambaye hakusoma sana hawamjui, kwao ni ama mtu mwema anayekufa mapema ili mwanawe apate la kulilia, ama ni mzigo. Katika riwaya ya daktari anayerudi kwao, mama yake anafariki sura ya tatu, mimi nikakataa, nikamwacha hai, na nilijuta kwa sababu sura kumi na mbili zilizobaki ilibidi nimtafutie cha kufanya, nikampeleka kliniki, nikampeleka sokoni, nikamgombanisha na jirani, mpaka mama yangu akasema, "Mwandishi huyu anampenda mama huyu, hamwachi apumzike!"

Lakini iliyoniponza ni ya binti wakili ambaye mama yake ni mshonaji, na siku ya mahafali anawaambia wenzake kwamba yule mwanamke aliyesimama langoni ni mfanyakazi wao wa nyumbani. Nakiri mbele yako kwamba hicho ndicho kitabu bora kuliko vyote nilivyosoma mwaka huu, na ndicho nilichokiharibu. Katika usomaji wangu binti akamshika mama yake mkono, akampitisha kwa kila mtu akisema, "Huyu ndiye mama yangu." Nilijiambia namkinga mama asiumie. Si kweli. Siku ya mahafali yangu mwenyewe, mzazi wa mwenzangu alinisifia gauni akaniuliza nani kanishonea, nikasema nimelinunua dukani, na mama alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Mpaka leo sijui kama alisikia.

Sasa yamefika hapa. Jirani yetu muuza dawa, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari ingawa mwenyewe hukataa, alikuja kupimwa sketi mimi nikiwa kazini, akaanza kumlaani yule wakili.

"Kwa lipi?" mama akauliza. "Si alimtambulisha mama yake kwa watu wote?"

"Mama, wewe umesoma kitabu gani?"

"Nimesomewa na mwanangu, aliyefika chuo kikuu na macho yake mazima. Chako labda kimechapwa vibaya."

Benchi zima likaangua kicheko. Daktari akaapa kwamba akirudi kutoka likizo mwisho wa mwezi atakuja nacho asome ukurasa ule mbele ya wote, naye mama akamjibu, "Njoo nacho, na Profesa wangu atakuwepo." Ameniambia hayo akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda, nami nikasema, "Sawa, mama." Nifanye nini? Nikinyamaza atachekwa kwa ajili yangu. Nikisema, sijui kama ataniamini tena hata nikimsomea jina lililo kwenye jalada.

Wako,
Msomaji wa kwenye benchi

*

Binti yangu,

Nilicheka ulipomgombanisha marehemu na jirani, kisha nikafika kwenye gauni, kicheko kikaniishia. Unampenda mama yako, hilo halina ubishi, mtu hamtungii mwenzake sura kumi na mbili bila mapenzi. Ila acha kujipamba. Mama anayetetea kitabu mbele ya wateja wake si yai. Uliyekuwa unamficha ni wewe.

Na hayo malalamiko yako juu ya akina mama wa riwayani, mengi nakubaliana nayo. Lakini maoni ni ya kusema baada ya kusoma. Wewe ulimnyima mama kitabu, ukamnyima na haki ya kukichukia mwenyewe. Huenda angekuwa na la kusema kumpita mwandishi, na kukupita wewe na digrii yako. Hukumuuliza hata siku moja.

Sasa nisikilize. Usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie kabla wateja hawajaingia, mkiwa wawili, na uanze na gauni, maana ukianza na kitabu utajificha tena nyuma yake. Usilie kabla yake ukamfanya akubembeleze. Akikasirika, mwache akasirike, ni stahili yake. Kisha nenda mwenyewe kwa Daktari ukamwambie nani alibadilisha, ili mama asije akajibu kosa lisilo lake. Halafu sura ile isomwe kama ilivyoandikwa. Utatetemeka, lakini hutakufa.

*

Mshauri,

Nakuandikia kukueleza ilivyokwenda. Nilimwambia Jumamosi asubuhi, mlango ukiwa bado umefungwa, na nilianza na gauni. Mama alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. "Nilisikia," akasema. "Bega lile lilikuwa limepinda. Nilishukuru hukunitaja." Nikamwambia halikupinda. Akasema, "We umejuaje, wewe ni fundi?"

Nikadhani yamekwisha. Niliposema la kitabu ndipo alipoweka sindano chini. "La gauni nilishakusamehe zamani," akasema, "lakini hili nimekutetea mbele ya watu." Siku nne hakuniita Profesa, aliniita kwa jina langu, kama karani anayeita wagonjwa. Daktari aliporudi nilikwenda dukani kwake nikamweleza mbele ya foleni yake yote. Aliniuzia dawa ya kikohozi ambayo sikuiomba, akasema sketi yake ataifuata kimya kimya.

Jioni hiyo nilimwambia mama kwamba kazi ya kusoma nimeiacha, nikampa kitabu mkononi, nikavuta kiti kwenye meza yake na kuanza kushona vifungo vya sare za shule. Navishona vibaya, viwili ameshavikata na kunirudishia. Yeye amekaa kwenye benchi langu, anasoma kwa sauti, polepole, na kila ukurasa anasimama kumsema mwandishi. Jana alifika sura ya mahafali. Aliisoma yote, kama ilivyoandikwa.