Dawa Ambayo Sikukutengenezea

Jepchumba,

Sianzi na salamu. Nimekukasirikia, na huko uliko sidhani kuna mtu wa kukusomea hii barua akiruka mahali pabaya, kwa hivyo utaisikia yote.

Tulikuzika kwenu kijijini Ziwa, mvua ikinyesha. Watu wa maabara tulikuja wote kutoka chuoni Chepkoilel, hata Profesa na viatu vyake vya mjini. Nililia mpaka shangazi yako akanishika kiuno nisianguke. Nilikuwa nalilia rafiki aliyekufa kwa nimonia, kwa sababu hiyo ndiyo uliyotuambia ukiwa kitandani, na mimi nikaamini. Baada ya watu kula, mama yako alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jikoni, akaniambia polepole, "Asante, Nekesa. Najua ulijaribu. Hiyo saratani ya damu ilikuwa na nguvu kushinda dawa yako."

Nikamuuliza, dawa gani, Mama? Akaniwekea kidole mdomoni kama mtoto mdogo.

"Aliniambia nikikuuliza utakataa. Ati hamruhusiwi kusema mpaka serikali ikubali."

Nilisimama pale na sahani mkononi. Kwa pumzi moja nilikuwa nimeambiwa kwamba ulikuwa na saratani, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakutibu. Mama yako akaniambia jinsi ulivyokuwa ukinywa kutoka kichupa chenye kifuniko cha bluu kila jioni kabla ya maombi. Vile vichupa ni vyetu, Jepchumba. Nilikuwa navitafuta kabatini nikidhani wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavivunja na kuficha. Mungu ndiye anajua uliweka nini ndani, labda maji ya mfereji.

Wewe unajua kushinda mtu yeyote kwamba sijawahi kutibu hata panya. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza chembe za mafuta, ndogo kiasi kwamba darubini yetu ya kila siku haizioni, na kufungia dawa ya saratani ndani yake ili isichome mwili mzima ikiwa njiani. Kazi yako ilikuwa kuzitia kwenye damu, yale maji yake ya njano yanayobaki seli zikiondolewa, na kuangalia zinafanyiwa nini. Maana damu haimwachi mgeni apite hivi hivi. Protini zinamrukia na kumfunika, na baada ya dakika chache ini na seli nyeupe hazioni tena kile nilichotengeneza. Zinaona kile damu ilichokivalisha. Wageni wa chuo walipokuja kutembea ulikuwa ukiwaeleza hivi: "Ni kama mtu ametoka tao, huko mjini, na viatu safi kuja kwetu Ziwa wakati wa mvua. Akifika kwa mlango, huwezi jua viatu vilikuwa rangi gani." Wote walicheka. Hata Profesa aliiba huo mfano, akautumia kwenye mkutano kama wake.

Damu tulikuwa tunatoa wenyewe, kwa ruhusa ya chuo. Nesi wa zahanati alikuja na sindano zake asubuhi, na sisi wengine tulikuwa tukisukumana nani aende. Wewe ulikuwa umeshakunja mkono wa sweta. "Wachana nao, chukua yangu, iko karibu." Kila mara ikawa damu yako, nami nikakuona mkarimu. Nilikusifu mbele ya watu, kumbuka.

Kisha chembe zangu zikaanza kushikana. Zikitiwa kwenye damu zinaganda, zinashuka chini ya kichupa kama maziwa yaliyoharibika. Natengeneza tena, zinaganda tena. Nilibadilisha mafuta. Nilibadilisha maji. Niliosha vyombo mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, na wewe ulisimama kando yangu kwenye sinki ukiosha pamoja nami, na koti lako jeupe limelowa tumboni. Profesa akasema mbele ya darasa zima kwamba kuna watu mikono yao haifai kazi ndogo ndogo. Siku hiyo nilijifungia chooni nikalia, nikaandika barua ya kuacha masomo, nirudi kwetu mtaani Huruma nikauze mitumba na dada yangu. Wewe ndiye uliyeichana. Ulinikumbatia ukaniambia, "Si wewe, Neke. Naapa si wewe."

Nilidhani unanifariji.

Wiki iliyofuata mazishi tulitumia damu yangu, kisha ya Profesa, kisha ya yule jamaa wa kompyuta anayeogopa sindano. Chembe zilitulia. Zilielea safi kabisa, na Profesa akanipiga bega akasema hatimaye nimejifunza. Nilitoka nje nikakaa karibu na tangi la maji, na hapo nikaelewa. Damu ya mgonjwa ina protini zake, kwa vipimo vyake, na inazivalisha chembe kwa namna nyingine kabisa. Somo hilo ulinifundisha wewe. Ulikuwa unajipima, siku baada ya siku, kwa kazi ya mikono yangu, ukitaka kuona kama ingekubalika kwenye damu yako. Ilipokataa ulinyamaza. Ukaniacha niamini ni mimi mbovu.

Mama yako anasema daktari alikuambia uanze dripu ya dawa za saratani mara moja. Anasema ulimwona shangazi yako mwingine alivyotapika na kukonda, ukaapa hutakaa kwenye kile kiti cha dripu. Sawa, uliogopa. Hata mimi ningeogopa. Lakini uliamka asubuhi, ukanywa chai na mimi, ukanicheka ninavyokula mandazi mawili mawili, halafu jioni ukaenda kumwambia mama yako kwamba Nekesa anakutibu. Ni mimi uliyenikabidhi kifo chako, Jepchumba, bila kuniambia nimekishika. Urafiki gani huo? Na bado nikiingia maabara naangalia ndoano yako kama koti lako liko. Nakuchukia na nakutafuta.

Hayo yote ningeyameza. Ningeenda Ziwa kila Krismasi, mama yako anishukuru, ninywe mursik yake, yale maziwa ya kibuyu, nirudi nikiwa nimebeba lawama yako. Lakini juzi nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua.

"Wewe ndiye Nekesa wa dawa?"

Ni Mama Kiptoo, jirani yenu, yule anayeuza mbegu za mahindi. Ana uvimbe kwenye titi. Amepewa tarehe ya kuanza dripu hapa mjini, na hakuenda. Mama yako amemwambia angoje, ati kwa Jepchumba dawa ilianza ikiwa imechelewa, lakini yeye anawahi. Nilimwambia hakuna dawa. Nikamwambia tena. Nikapandisha sauti, watu wakageuka. Akacheka kwa upole, akasema, "Nimeambiwa lazima utakataa, mwanangu. Sitasema kwa mtu."

Unaona ulichofanya? Ulinifunga mdomo kabla hujafa. Nikisema ukweli wanasikia siri. Kadiri ninavyokana ndivyo wanavyoamini, na yule mama anangoja na uvimbe wake haungoji.

Kwa hivyo wanakuja. Nimewaalika wote wawili, mama yako na Mama Kiptoo, na Profesa amekubali, baada ya mimi kumwambia maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake. Kwenye friza imebaki damu yako, kichupa kimoja cha mwisho. Nitaiyeyusha mbele yao. Nitatia chembe zangu, na mama yako ataona kwa macho yake vile zinachafuka, zinashikana na kushuka chini. Nitamwambia, Mama, hii ndiyo dawa yangu, na hivi ndivyo ilivyofanyiwa na damu ya Jepchumba. Haijawahi kuingia mwilini mwa mtu, maana ikishikana hivi ingemziba mishipa. Halafu nitanyamaza, maana mimi maneno yangu umeyaharibu yote.

Najua nitamuumiza. Atakumbuka zile jioni zote kabla ya maombi, na kile kichupa chenye kifuniko cha bluu, na atajua ulikuwa unamwangalia usoni ukinywa. Hana mtoto mwingine wa kumuuliza kwa nini. Labda atanifukuza, labda hatataka kuniona tena Ziwa. Sikuombi ruhusa. Wewe pia hukuniomba.

Halafu nitatoka na Mama Kiptoo. Sitamwonyesha njia tu na kurudi kwa kazi zangu. Nitaenda naye mpaka kliniki, na akiogopa nitamwambia hata mimi naogopa. Akitapika nitamshikia karai. Kila atakapowekewa dripu nitakuwepo, mpaka daktari aseme imetosha. Hilo nakuahidi wewe, si yeye, kwa sababu yeye hajui kwa nini nitakuwa nalia.

Kwaheri, Jepchumba. Ningekaa na wewe pia.

Nekesa