Garantii ya Miaka Mitatu

Kibeta, Jumanne

Bado sijaamua, na Koku anasubiri jibu ili Jumamosi aje na kadi kutoka Muleba.

Mjukuu wangu huyu amenijengea kibanja chetu cha Kimwani ndani ya mchezo wa kompyuta. Kila nilichokikumbuka amekiongeza: migomba, mibuni, nyumba ya mama. Sasa mchezo umelemewa. Nikifika langoni picha inaganda, siingii.

"Babu, tupunguze migomba, utaingia vizuri."

"Kibanja bila migomba ni uwanja wa mpira, Koku."

Basi inatakiwa kadi nyingine ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora mchezo kwenye kioo. Mwanangu Deo anataka mpya, yenye kasi, ingawa kumbukumbu yake ni ndogo. Koku anataka iliyotumika. Hiyo ina kumbukumbu kubwa ya kubeba nyongeza zetu zote, ila inaweza kufa wakati wowote.

"Mzee, hii mpya ina garantii ya miaka mitatu," Deo alisisitiza kwenye simu.

"Miaka mitatu ya nani?"

Nilijuta, maana daktari alimwambia yeye kwanza kwamba siku zangu ni chache.

Naungama hapa: nimewaambia wote kwamba kadi ni ya Koku. Si kweli, ni yangu. Miguu hii haitafika Kimwani tena, na kule kwenyewe siku hizi ni mahindi ya watu wengine. Nataka kupita lile lango mara moja tu, nifike mlangoni kwa mama. Baada ya hapo sijui...

Nimemwandikia Koku achukue iliyotumika. Kisha nikaongeza: usingoje Jumamosi.