Nusu Niliyoimeza Kwenye Mkutano wa Urani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Manyoni tu wazima, na uwele umekubali. Umeniuliza kama inafaa usomee umeme wa nyuklia, ilhali elimu hiyohiyo huzaa bomu.

Uchumi ulipofunguliwa kwa wageni, mtafiti mgeni alikuja kuomba kutafuta urani mashambani kwetu. Mimi, mwalimu kijana, nilimtafsiria kwa Kigogo. Alieleza kwamba urani hurutubishwa kidogo, yaani huongezewa ukali, kupata umeme, na mitambo ileile ikiendelea, hupatikana bomu. Kwa kutamani ajira, nilitafsiri umeme tu.

Shangazi yangu, mpika pombe, akasimama. "Kimea changu hutoa togwa ya watoto, kikizidi siku, ni pombe. Chake je?"

Nikatafsiri kwa aibu.

"Mwalimu, si nimeshasema?" mtafiti akashangaa kwa Kiswahili cha kuokoteza, wote wakamwelewa.

"Kumbe mwalimu kameza nusu!" watu wakacheka.

"Nani hufunua chungu kuona kama imezidi siku?" shangazi akaendelea.

"Wakaguzi, wenye mitambo wakiwaruhusu," mtafiti akajibu.

"Wasiporuhusu?"

"Hapo ndipo dunia inapohangaika, mama."

Wazee waliridhika na jibu hilo la kweli, wakaruhusu utafiti.

Soma, mjukuu wangu. Ila wasiojua wakikuuliza, wajibu yote, hata yale yanayoweza kukukosesha kazi.

Babu yako