Pamba Isiyobanwa

Makongeni, Thika
4 Februari 1957

Kwa shemeji Wayua,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila koo limekauka kwa nyuzi za karakana. Habari za hapo Ruiru? Na mke wangu Kanini, kikohozi kimepungua? Yeye hataniambia ukweli, ndiyo maana nakuandikia wewe dada yake.

Dereva Musau anakuletea mzigo mdogo. Ni vifuniko vya pua, vya Kanini na wenzake wa chumba cha brashi, hapo wanaposugua nyuzi za katani kwa mashine katikati ya vumbi. Nimevibuni mwenyewe, bosi wangu wa magodoro akanipa nafasi. Kitambaa chake hakikufumwa. Nachana mabaki ya pamba mpaka yawe laini, nayapanga matabaka, moja limelala huku na lingine kule, halafu nanyunyiza uji mwembamba wa muhogo ili nyuzi zishikane pale zinapogusana tu. Naanika bila kubonyeza. Kinafura, kinabaki na hewa ndani. Vumbi likiingia linapotelea humo, na pumzi inapita.

Bosi amesema vikifanya kazi huko atatengeneza vingi, nami nitatolewa bweni hili la wanaume peke yao nipewe chumba. Hapo Kanini ataachana na brashi aje tukae. Nakuomba umsimamie avae kifuniko chake.

Shemeji yako,
Nicanor

---

Ruiru
11 Februari 1957

Shemeji Nicanor,

Salamu zimefika, nasi tunaendelea kuamka. Mvua hakuna, lakini chai ipo. Kanini bado anakohoa. Jumatatu ndiyo mbaya zaidi, akirudi kazini baada ya kupumzika kifua kinamkaza kama amefungwa kamba. Ukimwuliza anasema ni baridi.

Mzigo umefika. Sasa shemeji, tusifichane. Hiki ni kitambaa ama ni kiota cha kuku? Nilikigusa, kidole kikazama. Wewe mtu wa ziwa hujui mambo yetu. Sisi Wakamba mtoto wa kike anafundishwa kusuka kiondo kabla hajajua kupika. Mama yetu alikuwa akimwaga wimbi ndani ya kiondo chako na kukitikisa. Punje moja ikidondoka, unafumua chote unaanza upya. Mimi sijafumua tangu nilipovunja ungo.

Wanawake wa brashi walivicheka vifuniko vyako, wakasema mume wa Kanini amelala kazini. Sikupenda uchekwe. Basi nimevitengeneza kidogo, sasa vinaonekana kama vitu vya watu. Wamevivaa leo.

Shemeji yako,
Wayua

---

Makongeni, Thika
14 Februari 1957

Shemeji Wayua,

Natumaini mko salama. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama na sijakaa bado.

Umevitengeneza namna gani? Tafadhali, wavivue mpaka nijue. Kule kuzama kwa kidole ndiyo kazi yenyewe. Usiwalaumu wanaocheka, waache wacheke. Mwambie Kanini nimesema akivue.

Nijibu kwa mkono wa Musau.

Shemeji yako,
Nicanor

---

Ruiru
21 Februari 1957

Nicanor,

Sina salamu za kukupa. Barua yako imefika leo, maana Musau alitumwa Mombasa kwa lori.

Kanini alianguka Jumatatu mbele ya mashine. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Wenzake walikuwa wanavishusha vifuniko kila wakitaka kupumua. Yeye hakukishusha hata mara moja, kwa sababu ni kazi ya mume wake. Sasa amelazwa dispensari na nikikaa karibu nasikia kifua kikipiga mluzi.

Nyapara amevitupa vyote. Anasema kitambaa chako kinanyonga watu, na atakayekivaa tena ataenda nyumbani. Hata mimi nasema hivyo hivyo. Uliniambia pumzi itapita. Mama akiniuliza mtoto wake, nitamjibu nini?

Nimekiokota kimoja, nakuletea ukitazame.

Wayua, dada ya Kanini

---

Makongeni, Thika
23 Februari 1957

Wayua,

Mungu amsaidie Kanini. Nimeomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa.

Nimekitazama. Umekipiga pasi, kisha ukakishona mistari, mshono juu ya mshono, mpaka hakuna mahali kidole kinaweza kuzama. Mkono wako ni mzuri, cherehani haiwezi kushona sawa hivyo. Ndio uliomziba pumzi mke wangu.

Nina hasira nawe, sitakuficha. Lakini nilikueleza ninavyokitengeneza bila kukuambia kwamba ukikibana unakiua. Hilo ni langu.

Bosi amesikia habari. Nyapara wenu asiposema neno jema, kazi hii imekwisha na chumba kimekwisha. Hapa kimebaki kifuniko kimoja, nakituma. Sijui nani atakubali kukivaa. Usikiguse kwa sindano.

Niambie anapumua vipi.

Nicanor

---

Ruiru
8 Machi 1957

Shemeji yangu Nicanor,

Kabla ya hujambo na habari za huko: Kanini yuko hai. Anakaa kitako, anakunywa uji, ananigombeza kuhusu chumvi. Daktari amesema asirudi kwenye brashi tena.

Barua yako niliiweka chini ya godoro, nikakukasirikia, kisha nikaona haya. Sikujua kama kuna kitu duniani ambacho ukikilegeza ndipo kinashika.

Nafasi ya Kanini ilikuwa wazi, nikaiomba. Jumatatu niliingia na kifuniko chako, nikakifunga kitambaa cha kichwa juu yake nyapara asikione. Niliogopa sana. Kama ulikuwa umekosea, ningeanguka nami, na Kanini asingekuwa na wa kumpa uji. Nilivuta pumzi ya kwanza kidogo kidogo, kama mwizi. Ikapita. Nikafanya kazi mpaka king'ora.

Nyapara aliniona nikitoka, akanivua kifuniko mbele ya watu wote. Akakipasua katikati. Upande wa nje ulikuwa wa kijivu kabisa kwa vumbi, na huu wa mdomoni mweupe. Akaenda zake. Jana akaniuliza kama shemeji yangu anavyo vya mtu mwenye pua kubwa. Mwambie bosi wako hivyo.

Kesho Kanini anapanda lori la Musau kuja kwako. Kama chumba bado, mtafutie pembe yoyote. Amebeba kiondo cha kuletea vifuniko vingine. Nimekisuka mwenyewe, kilegevu, ili pamba isibanwe njiani. Wanawake wameniuliza kama mikono inaniuma.

Kanini alikimwagia wimbi kwa utani, akakitikisa. Wimbi lote likaishia sakafuni. Alicheka sana, nikaogopa, nikaweka sikio kifuani kwake. Hakukohoa.

Shemeji yako,
Wayua